Mkaa Ndani ya Pembe

Jumanne, 3 Juni
Chumba cha cherehani

Mwanangu,

Pole na mguu. Plasta ikikuwasha, usiingize sindano ya kufumia kama alivyofanya mteja wangu mmoja. Ilibidi waivunje plasta nzima kuitafuta sindano.

Mimi mzima. Baba yako naye mzima, kuanzia shingoni kwenda chini. Cha juu ndicho kinachonifanya nikuandikie bila yeye kujua. Macho yake yanakwisha. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina mpaka ikamfikia mapajani. Jana asubuhi aliliamkia koti lake lililotundikwa mlangoni. "Karibu ndani, mbona umesimama?" akaliambia, na lilipokaa kimya akanigeukia akasema watu wa siku hizi hawana adabu. Nilicheka hadi uzi ukakatika. Baadaye sikucheka tena.

Nikimwambia aende akapimwe, ananijibu kwamba alikuwa mpiga bendera wa reli maisha yake yote ya kazi na hakuna treni hata moja iliyogongana mbele ya macho yake. Nikimwambia treni ni kubwa kuliko kikombe, ananuna.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kuna nguruwe dume anayeshuka kutoka msituni kuvuruga mashamba ya mahindi, na wiki iliyopita alimrarua mlinzi wa shamba paja. Idara ya wanyamapori imewapa kibali watu wenye magobore wamwinde, Jumamosi ya tarehe 28. Basi baba yako amelishusha lile gobore lake ukutani. Ameusugua mtutu, ameupaka mafuta mdeki wake wa kushindilia, amejaza baruti kwenye pembe. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu mama yako alipotutoka.

Sasa niambie, mtu anayeliamkia koti atamtofautishaje nguruwe na mwenzake aliyeinama kufunga kamba za kiatu? Nami nikilificha gobore atajua ni mimi, maana humu ndani tuko wawili na paka, na paka hana mikono. Wewe baba yako anakusikiliza. Fanya kitu.

Shangazi yako


Jumatatu, 9 Juni
Ofisini, chuoni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa kicheko, mara ya pili nikiwa nimekiweka kicheko kando.

Nilianza kumwandikia Baba waziwazi, kisha nikaichana karatasi. Ninavyomfahamu, mtu akimwambia haoni, atatoka siku hiyohiyo na gobore begani ili athibitishe kwamba anaona. Ukweli, kwa hali hii, unaweza kuuharakisha msiba tunaotaka kuuzuia. Kama mguu ungeniruhusu ningekuja kukaa naye, tukazungumza taratibu jioni baada ya jioni mpaka akubali mwenyewe. Daktari amenikataza hata kushuka ngazi bila mtu wa kunishika.

Nimefikiri njia nyingine, nami nakuandikia kwa kusitasita. Baruti ya gobore hutengenezwa kwa vitu vitatu: mkaa, salfa na chumvi ya shura. Ukiondoa viwili vya mwisho unabaki na mkaa, ambao kwa kuutazama tu, hata kwa jicho zima, haupishani sana na baruti yenyewe. Usage mkaa, uuchekeche upate chembe badala ya vumbi, kisha siku atakayotoka uimwage baruti ya pembe na kuuweka mkaa mahali pake. Baruti yenyewe uiweke mbali kabisa na jiko. Siku ya kuwinda, kile kifuniko kidogo cha fataki kitalia, lakini mtutuni hakutakuwa na kitu cha kuwaka. Gobore litakataa. Atadhani baruti imeingia unyevu, atarudi nyumbani amenuna. Kununa kuna dawa.

Nakiri kwamba sina hakika. Ninafundisha mantiki, na mwanafunzi akiniletea hoja ya namna hii ningemrudishia na alama ya kuuliza pembeni. Hoja yangu inasimama juu ya dhana moja ambayo sijaipima: kwamba asiye na silaha yuko salama kuliko mwenye silaha asiyeona. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta ufa, sijauona. Pengine haupo. Pengine siutafuti kwa bidii, kwa kuwa nimekwisha kuipenda hoja yenyewe.

Likibaki kuwa kati yetu nitashukuru.

Mwanao


Jumatatu, 9 Juni
Ofisini, chuoni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendelea vizuri. Wanafunzi wangu wameichora plasta yote, na mmoja ameandika juu yake swali la mtihani uliopita pamoja na jibu, ambalo bado si sahihi.

Shangazi amenidokeza kwamba umelishusha gobore kwa ajili ya nguruwe yule. Nimefurahi kusikia unaimba. Nami nimejikuta nikifikiria jambo ambalo sikuwahi kukuuliza nilipokuwa mdogo, ingawa nilikuwa nikikaa kizingitini kukutazama unavyoshindilia: mwindaji hufanya nini gobore lake linapokataa? Nauliza kwa udadisi tu. Kukaa na mguu juu ya kiti humfanya mtu awaze mambo mengi.

Ujitunze, Baba.

Binti yako


Jumapili, 15 Juni
Chumba cha cherehani

Mwanangu,

Imekwisha fanyika.

Kusaga mkaa si kazi ya mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, jambo ambalo msomi kama wewe ungelitaja mapema. Nilikuwa katikati ya kutwanga kwenye kinu baba yako akaingia jikoni. Akauliza, "Unatwanga nini?" Nikamwambia ni mkaa wa kusugulia meno. Akasema, "Kutwanga kote huku? Una meno mangapi, dada?" Nikamwambia nina meno ya kutosha kumng'ata mtu anayeuliza maswali. Akaondoka akicheka. Alinipita karibu kiasi kwamba kiganja chake kiligusa ukingo wa kinu, naye hakuona kilichokuwemo. Hilo ndilo lililonipa moyo, na ndilo lililonivunja moyo.

Leo alipokwenda kunyolewa nikaichukua pembe. Nimeimwaga baruti kwenye kopo la bati, nikalifukia nyuma ya tangi la maji. Mkaa nimeujaza, nikaziba kwa kizibo kilekile, nikaitundika msumarini ulalo ule ule. Aliporudi aliipapasa kwanza, akaitikisa sikioni, akaridhika.

Nimekuwa mwizi wa baruti kwenye umri huu. Juzi nilimshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, mimi ambaye sijakosea suruali tangu ujana. Moyo haujatulia, lakini najua wewe umefikiri, na ukifikiri wewe mimi huwa nalala.

Amenipa barua yake ya kukujibu niipeleke posta. Ina uzito. Sijaifungua, ingawa nimeiinua kwenye mwanga.

Shangazi yako


Jumamosi, 14 Juni

Binti yangu,

Usishangae mistari yangu kupandana. Kalamu imechoka na meza hii ina mguu mfupi.

Swali lako limenifurahisha kuliko zawadi. Mdogo wako hakuwahi kuniuliza, na alikuwa akikaa kizingiti kilekile.

Gobore likikataa, mwindaji hatikisiki. Fataki imelia, mtutu umenyamaza. Basi anaendelea kuuelekeza kulekule ulikoelekea, wala hausogezi usoni. Moto wakati mwingine unasitasita njiani kama mgeni aliyesahau nyumba, kisha unafika. Wapo waliochungulia mtutuni kuuliza kulikoni. Hawakupata nafasi ya kusimulia jibu.

Lakini hayo ni ya kupiga shabaha ya ubao. Nguruwe dume hangoji. Gobore lina risasi moja tu, na kulijaza upya kunahitaji mikono mitulivu: umimine baruti, uweke kitambaa na risasi, ushindilie kwa mdeki, utoe mdeki, uweke fataki. Nguruwe anahitaji pumzi mbili kukufikia. Ndiyo maana mwindaji wa gobore humwacha mnyama asogee karibu sana, akiamini jambo moja: kwamba kilichomo mtutuni ndicho anachodhani kimo. Mtu asiye na bunduki hupanda mti, naye huyo anapona. Anayeuawa ni yule aliyesimama kwa sababu anaiamini bunduki ambayo haina kitu.

Sasa nikupe siri, na usimwambie shangazi yako, maana ataishonea pindo na kuipeleka sokoni. Sitapiga mimi. Atapiga mdogo wako. Ameomba likizo huko kwenye upimaji wa ardhi na atafika Alhamisi ya tarehe 26. Mwaka jana alipokuja tulikwenda mara nyingi kwenye machimbo ya mawe, nikamfundisha. Mkono wake ni mzuri. Tatizo lake ni haraka. Nimeona ni wakati wa kumwachia gobore. Sababu ni zangu.

Atatumia pembe yangu. Atasimama kwenye pengo la ua wa shamba, njia ya nguruwe, nami nitakuwa nyuma yake kumjazia. Yule mlinzi bado hajaweza kukunja goti. Nimemwambia mdogo wako asipige mpaka aone kope za mnyama.

Nimefurahi kwamba unawaza mambo haya. Nilidhani tulikupoteza kwenye vitabu.

Baba yako


Jumatano, 25 Juni
Stendi ya mabasi

Shangazi,

Barua ya Baba imenifikia saa hii. Anayepiga si Baba. Ni mdogo wangu. Baba amempa gobore na pembe ile, na atamweka mbele ya nguruwe, kwenye njia yake, amngoje asogee karibu. Atasimama kwa sababu ataamini kuna kitu mtutuni.

Itoe pembe hiyo msumarini. Mwaga mkaa wote, urudishe baruti uliyoifukia, au ikiwa imeingia maji itupe pembe yenyewe chooni. Useme umeivunja. Useme lolote. Na ikishindikana, mpe Baba barua hii aisome mwenyewe, au umsomee. Nimekoma kujali atatufikiriaje.

Nimepiga simu shuleni kwenu, ile ya ofisi ya mwalimu mkuu, maana ndiyo pekee iliyo karibu nanyi. Inaita tu. Wamefunga kwa likizo. Mdogo wangu amekwisha kuondoka kwake tangu jana. Nimejaribu kupanda basi mwenyewe, na utingo amenitazama mguu, akatazama ngazi, akasema, "Dada, mimi nataka kufika na abiria, si na kesi." Ameichukua barua. Anasema watafika Alhamisi jioni.

Ule ufa niliokuwa nikiutafuta kwenye hoja yangu, Baba ameuandika kwa sentensi moja bila kujua. Naomba barua hii ikufikie kabla ya Jumamosi.

Mwanao


Jumatatu, 30 Juni
Nyumbani

Binti yangu,

Wote wazima. Naanza na hilo kwa sababu shangazi yako anasema barua yako imefika jana jioni, basi lilikwama darajani siku zote hizo, na kwamba kwa sasa utakuwa umekula kucha za mikono na kuanza za mguu ulio nje ya plasta.

Umeona mwandiko si wangu. Anayesema ni mimi, anayeandika ni yeye. (Naandika neno kwa neno, mwanangu, isipokuwa pale anaponitukana.) Sijamtukana. (Bado.)

Sasa sikiliza. Uliniuliza habari za gobore kukataa, hukuniuliza habari za baruti, ndiyo maana jambo hili sikukuandikia. Sisi wa magobore hatuingii msituni kabla ya kuiapisha baruti. Kila mwenye pembe humwaga kidogo juu ya bapa la jembe, mbele ya wenzake, akaigusa kwa kaa la moto. Ikiruka "fuu!", imekula kiapo. Isiporuka, mwenyewe anarudi nyumbani na hakuna wa kumlaumu, maana huko ndani uhai wa mtu uko kwenye pembe ya mwenzake.

Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wako, fundi baiskeli, na shemeji yake yule mlinzi aliyeraruliwa. Ya fundi baiskeli ikaruka. Ya shemeji mtu ikaruka. Nikamwaga yangu, nikashika kaa kwa koleo, nikaligusisha, nikasema, "Safi. Tuingieni."

Hakuna aliyeinuka.

Nikasema, "Mbona mmeganda? Imewaka."

Fundi baiskeli akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye hospitalini, "Mzee, kaa lako liko kwenye nyasi."

Mdogo wako akanishika mkono, akausogeza mpaka kwenye bapa. Nikangoja. Nikauliza, "Sasa?" Akasema, "Baba, kaa liko juu yake kabisa. Haijawaka. Wewe huoni?" Mbele za watu.

(Hapa nimemwekea maji.)

Niliwaambia. Kwamba tangu mwaka jana naiona dunia kama kupitia dirisha la bafuni. Kwamba ndiyo sababu gobore nimempa mwanangu, na kwamba nilitaka aonekane amelirithi, asionekane amelichukua kwa mtu asiyeliweza. Nilidhani watacheka. Shemeji mtu akasema wao walijua tangu siku niliyompigia saluti mwanamke aliyebeba godoro, nikidhani ni afisa wa wanyamapori. "Tulikuwa tunangoja utuambie mwenyewe," akasema. "Tukajipanga kila siku asimame mmoja wetu upande wako wa kulia." Mwaka mzima, binti yangu, nilikuwa nikiwaficha watu waliokuwa wakinishika mkono.

Kisha nikaionja ile baruti. Baruti ina chumvi, na inapoza ulimi. Hii ilikuwa na ladha ya jiko letu. (Niliichekecha mara mbili.) Anajisifu. Niliposema ni mkaa mtupu, mdogo wako alikaa chini palepale kwenye umande. Alikuwa tayari amekwisha kusema anataka kusimama mbele ya pengo, karibu zaidi kuliko nilivyomwelekeza, ili asikose.

Fundi baiskeli akamjazia kutoka pembe yake. Nikasema turudi, siku imeharibika. Mdogo wako akasema, "Mlinzi naye alipata nafasi ya kurudi?" Basi tukaingia. Mimi nikawekwa juu ya gari la kukokotwa, nyuma ya ua, kama mzigo wa viazi, na kazi yangu ikawa kusikiliza.

Nilimsikia nguruwe kabla yao. Nikanyoosha kidole, wakageuka. Kisha gobore likalia na moshi ukatanda, na kwenye moshi wa baruti sote ni vipofu sawa. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kirefu kama kile. Halafu kutoka katikati ya moshi nikamsikia mwanangu akitukana, tusi refu, la mama wa nguruwe na bibi yake, tusi ambalo mimi sikumfundisha. Sijawahi kufurahia tusi namna ile. (Aliporudi alitaka kulirudia tusi lenyewe mbele yangu. Nimekataa kuliandika.) Nguruwe alikuwa ameanguka hatua chache kutoka kwenye viatu vyake.

Tulipofika nyumbani shangazi yako aliona tumerudi wote na nguruwe juu ya gari, akakiri kabla sijavua kofia. Barua yako ilipofika jana nikajua mlikuwa wawili.

Sitakuficha. Nilikasirika hasira ya kweli. Sikula. Mlinilinda bila kuniuliza nimesimama wapi, na nilikuwa nimekwisha kuhama pale mlipodhani nipo. Lakini usiku ulinikuta nikiwaza upande wa pili. Ningesema ukweli juu ya macho yangu, dada yangu asingetwanga mkaa. Mngesema ukweli juu ya mkaa, nisingempa mwanangu pembe ile. Mimi mwenyewe nilisema "Safi, tuingieni" juu ya baruti ambayo sikuiona imewaka au haijawaka, na ningekuwa peke yangu naye, tungeingia. Kosa limegawanyika na sijui nani achukue fungu kubwa. Wewe ndiye mwalimu wa mantiki. Ligawe.

Baba yako

(Mimi nimesamehewa kwa sharti kwamba nisisugue meno kwa mkaa mbele yake. Mdogo wako anakusalimu. Anakula kama mtu aliyerudishiwa tumbo. Shangazi.)


Jumapili, 6 Julai
Nyumbani kwangu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua Shangazi ndiye anayekusomea, kwa hiyo nakuamkia wewe na yeye, nami naomba asiruke mistari.

Barua yenu nilikabidhiwa mlangoni mwa posta. Nilisoma maneno mawili ya kwanza, "Wote wazima", nikaketi kwenye ngazi. Sikuona sababu ya kuendelea, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupata nilichokuja kutafuta. Mlinzi wa posta aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, sijafiwa, sijafiwa na mtu yeyote, nikalirudia mpaka akaniletea kiti. Nadhani alinionea huruma kwa sababu isiyo sahihi, lakini niliipokea.

Nimejaribu kuligawa kosa kama ulivyoniagiza, na nimeshindwa. Kila ninapoligawa kwa haki, fungu langu linakuwa kubwa. Kisha ninajishuku kwamba ninajipa kubwa ili nionekane mwema. Nikilipunguza, ninajishuku zaidi. Ninachoweza kukisema bila kuyumba ni kidogo: nilikufikiria wewe siku kadhaa mfululizo bila kukuuliza neno lolote, na nikaita hilo upendo. Huenda lilikuwa upendo. Lilikuwa pia mkaa.

Sasa nina jambo ambalo ningeweza kulipanga kwa siri na Shangazi, na ninataka uone kwamba silipangi. Nimezungumza na daktari wa macho hapa. Nilimweleza habari za dirisha la bafuni. Amesema hawezi kuapa bila kukupima, lakini anavyosikia ni mtoto wa jicho, na utando wa namna hiyo huondolewa kwa upasuaji mfupi. Wengi huondoka wakiona. Amesema wengi, hakusema wote. Nimeona nikuandikie neno hilo kama alivyolisema.

Nimeahirisha kumpa jibu. Nafasi ipo wiki ijayo, na ipo mwezi ujao pia. Chumba ninacho. Sitaki kukuamulia, Baba. Nimekwisha kuona bei ya kukuamulia. Nakuuliza tu: utakuja?

Mwambie mdogo wangu kwamba nikipona nitamtukana tusi lile lile, akinifundisha.

Binti yako


Ijumaa, 11 Julai
Nyumbani

Binti yangu,

Barua nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza shangazi yako aliruka mistari, nikamkamata, maana pumzi zake hubadilika. (Niliruka mmoja tu, ule wa daktari kusema "wengi". Nilidhani utamtisha.) Haukunitisha. Mtu akiniambia "wote" ndipo ninaposhika kofia niondoke.

Mdogo wako amerudi kazini. Gobore nimempa aende nalo, na kibali chake kimebadilishwa kwa jina lake. Ukutani pamebaki misumari miwili. Shangazi yako tayari ametundika mkasi na futi ya kitambaa. (Ukuta ni ukuta.)

Ulivyoniuliza vizuri, nami nakujibu vizuri. Nitakuja na basi la Jumatatu. Lakini tuelewane: nakuja kukusalimia. Hilo la daktari tutalizungumza nikifika, nikiwa nimepumzika, na huenda nikaahirisha. Sijaahidi kitu. Usimwambie mtu yeyote huko kwamba nimeahidi.

Baba yako

(Mwanangu, anakuja kutibiwa macho. Juzi alimwita kinyozi nyumbani, akamwambia, "Ninyoe vizuri, naenda kuona watu." Sanduku amelifunga mwenyewe, amekataa nimsaidie. Alipolala nikalifungua kidogo kukagua. Kila kitu kiko sawa, isipokuwa ametia soksi moja nyeusi na moja nyekundu. Nimeziacha hivyohivyo. Atakaporudi ataziona mwenyewe.)